Uchanga si Ujinga: Historia ya Neno "-changa" na Tafsiri Zake, kwa Jicho la Darasa la Migori na Homa Bay

Utangulizi

Yapo maneno ambayo mwalimu wa fasihi huyatamka kila wiki bila kuyakagua. Mojawapo ni kivumishi "-changa". Tunasema riwaya ya Kiswahili ni utanzu mchanga. Tunasema mwandishi fulani ni mchanga. Tunaambiana katika vikao vya walimu kuwa Kiswahili cha wanafunzi wetu wa Migori na Homa Bay bado ni kichanga, kisha tunaendelea na ajenda nyingine kana kwamba tumesema jambo ambalo kila mtu analielewa.

Mwandishi wa makala haya alizinduliwa na karatasi ya mtihani wa majaribio. Watahiniwa waliulizwa waeleze maana ya "fasihi changa". Mmoja wao, mtoto wa pwani ya ziwa, aliandika kwa mwandiko safi kuwa hiyo ni fasihi ya watu wasiojua kuandika vyema. Tulikuwa walimu sita mezani. Watatu walimpa alama, watatu wakamnyima. Waliompa walisema kuwa ndivyo neno linavyotumika. Waliomnyima walisema kuwa jibu halimo katika mwongozo wa kusahihishia. Hakuna aliyesimama kueleza, kwa hoja, neno lenyewe lina maana gani.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutalitazama neno "-changa" likilinganishwa na neno la Kiingereza ambalo wahakiki wetu hulitafsiri kwalo, yaani "incipient", na pacha wake wa Kireno. Kisha tutalipeleka neno hilo katika historia ya fasihi ya Kiswahili, na hatimaye katika historia ya Kiswahili chenyewe katika iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini. Hoja yetu ni moja: uchanga ni kipimo cha wakati, si kipimo cha akili, na anayekiita kitu kichanga anakiri kuwa kinastahili kulelewa.

Neno la Kiingereza na mtego wa Kireno

Neno "incipient" lilitoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuanza. Hutumiwa kwa jambo lililo katika hatua zake za kwanza: ugonjwa unaoanza kuonyesha dalili, demokrasia iliyozaliwa jana, mmea unaochomoza. Kwa asili yake halisifu wala halilaumu. Linatuambia tu kuwa jambo limeanza na bado halijafika.

Kireno kilirithi neno hilohilo kutoka Kilatini na kuliandika "incipiente". Hata hivyo, Kireno kina neno jingine, "insipiente", lenye maana ya mjinga au asiye na busara. Hili la pili lilijengwa juu ya neno la Kilatini la hekima, lile lile tunalolikuta katika jina la kisayansi la binadamu, Homo sapiens, ila limetiwa kiambishi cha kukanusha. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu yanapoandikwa. Yanapotamkwa, Mreno hasikii tofauti yoyote. Ndiyo maana walimu wa Kireno huwaonya wanafunzi wao juu ya jozi hii, kama sisi tunavyowaonya wetu juu ya "fahali" na "fahari".

Zingatia, mwalimu mwenzangu, mtego uliopo hapa. Mtu akisikia kuwa sanaa fulani ni "incipiente", huenda akadhani ameambiwa kuwa sanaa hiyo ni ya kijinga. Yule mtahiniwa wetu hajui Kireno hata neno moja, lakini alitumbukia katika shimo hilohilo. Alichukua neno la mwanzo akalifanya neno la ujinga. Tofauti ni kwamba Mreno anaponzwa na sauti, naye mtahiniwa aliponzwa na sisi walimu wake, ambao kwa miaka mingi tumelitamka neno hilo kwa sauti ya kudharau.

Kireno kina neno la tatu linalofaa kutajwa, nalo ni "nascente". Lina maana ya kinachozaliwa. Aidha, ndilo neno la chemchemi ya mto, na ndilo neno la mashariki, jua linakozaliwa. Hapa Kiswahili na Kireno vinakutana vizuri, kwa sababu nasi tuna "chimbuko", neno la mahali maji yanapochimbuka ambalo wahakiki wamelifanya neno la asili ya utanzu. Tunaposema "chimbuko la ushairi wa Kiswahili" hakuna anayedhani tumeutukana ushairi. Chemchemi huwa ndogo kuliko mto, lakini bila chemchemi hapana mto.

Mreno alituachia nini?

Msomaji anaweza kuuliza Kireno kinatuhusu nini sisi tuliokaa kando ya ziwa. Jibu ni kwamba Wareno ndio Wazungu wa kwanza kukutana na Waswahili na kuacha maneno katika lugha yao. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593. Wareno waliipoteza kwa Waomani mwaka 1698, wakairejea kwa muda mfupi mwaka 1728, wakatimuliwa tena mwaka 1729.

Katika kipindi hicho Kiswahili kilichukua maneno kama meza, leso, bendera, kasha, karata, foronya na mvinyo. Hata neno gereza, wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno la kanisa. Mengine yalisafiri na misafara ya biashara, kisha na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, kisha na meli zilizotia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Leo bibi wa Rachuonyo asiyejua sentensi moja ya Kiswahili anasema "mesa" na "bandera" akiamini kuwa anasema Kijaluo kitupu.

Tuyatazame maneno hayo kwa makini. Yote ni nomino, na takriban yote ni majina ya vitu: vya nyumbani, vya melini, vya kuchezea na vya kutawalia. Neno la kueleza jinsi jambo linavyoanza halimo. Kiswahili hakikulihitaji kwa sababu kilikuwa nalo. Ushahidi umo katika sarufi tunayoifundisha. Vivumishi vya mkopo, kama safi, rahisi, hodari na ghali, havichukui viambishi vya ngeli. "-changa" huvichukua vyote kama kivumishi halisi cha Kibantu: mtoto mchanga, watoto wachanga, mti mchanga, kitoto kichanga, ndizi changa, maembe machanga. Neno hili ni la nyumbani.

Ni kweli kuwa neno hili lina maneno mengine yanayofanana nalo kwa umbo, na mtahiniwa hana budi kuyatenga. Kuna mchanga wa ufukweni, ule ulioingia katika kitumbua kwenye anwani ya tamthilia ya Said Ahmed Mohamed. Kuna kitenzi changa, cha kutoa michango, ambacho kila mzazi wa Homa Bay aliyehudhuria harambee anakijua. Kuna kuchanga karata, ambapo kitenzi ni chetu na karata ni za Mreno. Maumbo yanafanana, maana zinatofautiana, na muktadha ndio hakimu.

Udogo si uchanga: ushahidi wa ziwa

Katika vitabu vingi mfano wa hatua za ukuaji hutolewa kwa mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Ni mfano mzuri, na methali yake ni nzuri vilevile: mwanzo kokochi, mwisho nazi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Mbita au Muhuru ameona minazi michache sana maishani mwake. Tumpe mfano wa ziwani.

Omena, ambao Kiswahili huwaita dagaa, ni samaki wadogo. Omena aliyekomaa kabisa hafiki sentimita 10. Mbuta, au sangara kama wanavyomwita majirani zetu wa Tanzania, anaweza kumzidi mtu mzima kwa uzito. Kanuni za uvuvi katika ziwa letu zinakataza kumvua mbuta aliye chini ya sentimita 50, kwa sababu bado hajafikia umri wa kuzaa vya kutosha. Sasa tumuulize mwanafunzi: kati ya omena wa sentimita 6 na mbuta wa sentimita 40, ni nani aliye mchanga?

Mtoto wa mvuvi hujibu bila kusita. Mbuta ndiye mchanga, ingawa ni mkubwa mara nyingi kuliko omena. Omena ni mdogo lakini ni mzima. Amefika alikokuwa anakwenda. Mbuta ni mkubwa lakini safari yake haijaisha. Kwa hiyo uchanga haupimwi kwa kulinganisha kitu na kitu kingine. Hupimwa kwa kulinganisha kitu na kile ambacho kitu hichohicho kitakuwa baadaye. Tofauti ya "-dogo" na "-changa", ambayo wengi wetu huieleza kwa shida ubaoni, imo ndani ya nyavu za wazazi wa wanafunzi wetu.

Mfano huu unatufunza jambo la pili. Kanuni inamlinda mbuta mchanga, haimdharau. Anayemvua kabla ya wakati ndiye mkosaji. Katika Kiswahili neno "-changa" daima hubeba fununu ya ulezi. Mtoto mchanga huhitaji kubebwa, mche mchanga huhitaji kumwagiliwa, na mwezi mchanga husubiriwa kwa hamu.

Je, fasihi ya Kiswahili ni changa?

Tukiwa na kipimo hicho mkononi, tuirudie kauli iliyomponza mtahiniwa wetu. Kauli kuwa "fasihi ya Kiswahili ni changa" haiwezi kuachwa hivyo. Ni lazima tuulize: utanzu upi, na kwa kuanzia lini?

Tuanze na maandishi kwa jumla. Baadhi ya maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalimika ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekewa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Barua hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, nchini India. Huu ndio uhusiano wa kweli wa Kireno na Kiswahili katika taaluma ya tafsiri: miaka 300 iliyopita Mswahili aliandika kwa lugha yake kuhusu mambo ya utawala na biashara, na ili Mreno aelewe ilimbidi apate wa kumfasiria. Lugha iliyoweza kuandikiwa barua za kidiplomasia haikuwa inajifunza kusema.

Kuhusu ushairi, Utenzi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, ulioandikwa Pate, huwekwa mwaka 1728, mwaka uleule Wareno waliporejea Mombasa. Utenzi wa urefu ule hauwi kazi ya kwanza ya watu. Nyuma yake kuna watunzi na hadhira waliokwisha kuizoea bahari ya utenzi. Anayeuita ushairi wa Kiswahili utanzu mchanga hakutazama tarehe.

Riwaya ina historia nyingine. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela ilitoka mwaka 1934. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Mtu aliyezaliwa mwaka wa Uhuru wa Watumwa alikuwa na miaka 37 tu Rosa Mistika ilipochapishwa. Ni halali, basi, kusema kuwa riwaya iliyoandikwa ilikuwa utanzu mchanga katikati ya karne ya 20. Lakini angalia kilichosemwa: umri wake ulikuwa mfupi. Hakijasemwa kitu chochote kuhusu akili ya waliouandika.

Kezilahabi mwenyewe ni hoja muhimu kwetu. Alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa hilihili letu, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alikipata shuleni, kama wanafunzi wetu wanavyokipata. Hakuzuiwa na hilo kuandika riwaya, wala kuchapisha Kichomi mwaka 1974 na kuutikisa ushairi wa Kiswahili kwa mashairi huru. Kabla yake, kisiwa hichohicho kilikuwa na Aniceti Kitereza, aliyekamilisha riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Kwa msomaji wa Kiswahili ilikuwa kazi mpya. Kwa mwandishi wake ilikuwa kazi iliyokomaa zamani na kukosa mchapishaji. Mara nyingi kinachoitwa uchanga wa fasihi ni uchanga wa uchapishaji, na haya mawili yasichanganywe.

Kiswahili cha Nyanza Kusini: kichanga kwa kipimo kipi?

Sasa tufike nyumbani. Kaunti za Migori na Homa Bay zimetokana na iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini. Wengi wetu tulifundishwa, na tunawafundisha wengine, kuwa Kiswahili hapa ni mgeni wa juzi. Historia inasema vingine.

Mpaka wa kikoloni uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwagawa Wakuria sehemu mbili. Upande wa kusini Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala na shule zao, na baadaye Tanzania ikakifanya lugha ya taifa. Mkuria wa Isibania ana jamaa Sirari, na Kiswahili kimevuka mpaka huo pamoja na ng'ombe, mahindi na wachumba. Mwanafunzi wa Kuria anaposema "naomba maji" pale mwenzake wa bara anaposema "nipe maji", hajasoma adabu hiyo kitabuni.

Mwaka 1914 Wajerumani na Waingereza walipambana Kisii, makao ya utawala wa eneo hili wakati huo. Vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita, lile jeshi lililotuachia neno Kariakoo. Waliorudi, na wengi hawakurudi, walirudi na Kiswahili cha kambini. Kuanzia miaka ya 1930 migodi ya Macalder huko Nyatike ilikusanya vibarua wa makabila mbalimbali. Kendu Bay, bandari ya meli, ilikuwa na jamii ya Waislamu na wafanyabiashara ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya soko na ya msikiti. Kwa upande wa pili, Waadventista waliofika Gendia mwaka 1906 walichagua kuhubiri na kuchapa kwa Kijaluo, jambo lililokistawisha Kijaluo cha maandishi. Hivyo mtu wa hapa alisali na kusoma kwa Kijaluo, akafanya kazi na kuuza kwa Kiswahili.

Kilichokuja kwa kuchelewa ni Kiswahili cha mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ndipo Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Watahiniwa wa kwanza wa KCSE walifanya mtihani wao mwaka 1989. Kabla ya hapo mtu angeweza kumaliza shule bila kuandika insha hata moja ya Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa hiyo Kiswahili cha mdomo katika Nyanza Kusini kina zaidi ya karne moja. Kiswahili cha kalamu darasani kina miongo kadhaa tu. Tukisema "Kiswahili cha hapa ni kichanga" bila kutenganisha viwili hivi, tunamfutia mwanafunzi historia ya babu yake.

Tusidanganyane kuwa hakuna tatizo. Mwanafunzi anayeandika "kitabu yangu" anahitaji kusahihishwa, tena kila siku. Tunachosema ni kuwa kosa la upatanisho wa ngeli ni dalili ya kazi iliyo njiani. Mwalimu akiliona kuwa dalili ya ujinga, ataacha kufundisha. Akiliona kuwa dalili ya uchanga, atalifundisha tena kesho.

Uchanga katika Kidagaa Kimemwozea

Tuone jinsi kipimo hiki kinavyomsaidia mhakiki. Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, iliyotoka mwaka 2012 na kutahiniwa katika KCSE, imejaa uchanga wa aina mbalimbali, ingawa watahiniwa wengi waliiandikia majibu bila kuutaja.

Kwanza kuna kitoto kichanga kinachoachwa mlangoni pa Amani. Kinaitwa Uhuru. Amani na Imani wanakilea, na kinafariki kingali kichanga. Hapa mwandishi amelitumia neno katika maana zake mbili kwa pamoja. Kuna mtoto wa kweli, na kuna uhuru wa nchi uliozaliwa, ukatelekezwa na aliyeuzaa, ukaachiwa wanyonge waulee. Uhuru huo haukufa kwa kuwa ulikuwa wa kijinga. Ulikufa kwa kukosa malezi ya waliopaswa kuulea. Mtahiniwa anayeelewa kuwa "-changa" hudai ulezi ataiona ishara hii mara moja.

Pili kuna mswada wa Amani. Amani ni mtunzi chipukizi asiye na jina. Mwalimu Majisifu, mtu wa sifa na kimo, anauiba mswada huo na kuuchapisha kwa jina lake. Ni nani kati yao aliye mchanga? Kwa umri na kwa umaarufu ni Amani. Kwa kazi, Amani amekomaa kuliko yule anayeitwa mkomavu. Majisifu anajua kuwa mswada ni mzuri, la sivyo asingeuiba. Walibora anatuonyesha kuwa lebo ya uchanga yaweza kutumiwa na wenye vyeo kuwapokonya wenye vipaji. Hata kidagaa aliye katika anwani, samaki mdogo wa ziwani, anatukumbusha kuwa udogo na uchanga ni mambo mawili.

Namna ya kulitumia na kulitafsiri

Kutokana na haya, tunapendekeza utaratibu ufuatao kwa mwalimu na mtahiniwa anapokutana na neno "incipient" katika maandishi ya Kiingereza, au anapotaka kueleza mwanzo wa jambo katika uhakiki wake.

Kwa kitu kinachotarajiwa kukua na kustawi, tumia "-changa": demokrasia changa, utanzu mchanga, taifa changa. Taja na wakati unaouzungumzia.

Kwa mwandishi, "chipukizi" ni neno salama zaidi kuliko "mchanga". Ukisema mwandishi ni mchanga, eleza mara moja: mchanga wa umri, au mchanga wa tajriba. Bila ufafanuzi huo msomaji atadhani umesema "bongo changa", na hapo ndipo neno hili linapokaribia tusi.

Kwa asili ya jambo, tumia "chimbuko".

Kwa jambo baya linaloanza, usitumie "-changa" kabisa. Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapovunjika. Mwingereza hutumia neno lake hilo moja kwa ugonjwa na kwa demokrasia, na Mreno vivyo hivyo. Mswahili hasemi "ugonjwa mchanga" wala "ufa mchanga". Husema ugonjwa ulio katika dalili za mwanzo; husema ufa usipozibwa utajengwa ukuta. Lugha yetu imegawa mianzo sehemu mbili: inayolelewa na inayozibwa. Ni mgawanyo wa busara, na mtahiniwa anayeujua atatafsiri vizuri kuliko kamusi.

Hitimisho

Tumeona kuwa "-changa" ni neno la Kibantu ambalo Kiswahili hakikulikopa kwa Mreno. Tumeona kuwa Kireno chenyewe kina mtego wa kuchanganya mwanzo na ujinga, na kwamba mtego huo umo pia midomoni mwetu tusipoangalia. Tumeona kuwa ushairi wa Kiswahili si mchanga, kuwa riwaya ilikuwa changa kwa kipindi kinachojulikana, na kuwa Kiswahili cha Nyanza Kusini ni kikongwe mdomoni na kichanga kalamuni.

Kuhusu yule mtahiniwa, tulimpigia kura, akakosa alama. Ilikuwa haki kwa mujibu wa mwongozo. Lakini wiki iliyofuata mmoja wetu aliingia darasani kwake na samaki wawili, omena na mbuta mdogo, akauliza lile swali la nani mchanga. Kijana huyo ndiye aliyejibu wa kwanza. Alikuwa analijua jibu siku zote. Sisi ndio hatukuwa tumemuuliza kwa namna aliyoijua.

Maswali ya kutafakari

1. "Riwaya ya Kiswahili ni utanzu mchanga." Jadili kauli hii ukirejelea tarehe za kazi zisizopungua tatu.
2. Tofautisha matumizi ya "-dogo", "-changa" na "chipukizi" kwa kutunga sentensi mbili kwa kila moja.
3. Onyesha jinsi mwandishi wa Kidagaa Kimemwozea alivyotumia kitoto Uhuru kuashiria hali ya taifa changa.
4. Andika historia fupi ya jinsi Kiswahili kilivyofika katika kijiji au soko la kwenu. Wahoji wazee wasiopungua wawili kabla ya kuandika.